Binti Asiwe Mkalimani wa Maumivu Yake

Alasiri moja ya Oktoba 2014, katika chumba kidogo cha kituo cha jamii nilikokuwa nimeajiriwa, Bronx, New York, waliketi mbele yangu mama na bintiye wa miaka 15. Mama alikuwa ametoka Jamhuri ya Dominika miaka tisa iliyotangulia na alikuwa akisafisha ofisi za Manhattan usiku. Binti alikuwa ameletwa kwetu na mshauri wa shule yake, aliyekuwa ameona maandishi ya kutia hofu ndani ya daftari lake la masomo. Mkalimani tuliyemtarajia hakufika. Fomu ilikuwa na kurasa saba, mama alikuwa na saa moja tu kabla ya kwenda kazini, nami nikafanya jambo ambalo ofisi nyingi za mji ule zilikuwa zikilifanya kila siku bila kulifikiria: nilimwomba binti amfasirie mama yake.

Nilipofika kwenye swali la kama aliwahi kutamani kufa, binti alinijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini lakini bila kusita, kwamba alikuwa akitamani hivyo karibu kila usiku tangu mwezi wa nane. Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia kwa Kihispania kwamba nilikuwa nauliza kama anapata usingizi, naye amejibu kuwa siku hizi anachoka sana. Kihispania changu wakati ule kilikuwa cha jikoni na cha dukani, lakini neno «cansada», yaani mchovu, nililijua vizuri, na nilijua pia kwamba halikufanana hata kidogo na nilichokuwa nimekiandika kwenye fomu. Mama alimshika bintiye bega kwa huruma, akasema atakuwa akimwandalia chakula mapema ili awahi kulala. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nitalirekebisha wiki itakayofuata, mkalimani akiwapo, kwa utulivu na kwa utaratibu unaotakiwa.

Siku ya tisa shule ilipiga simu kutuarifu kwamba binti yule amelazwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Alipona. Nalisema hili mapema ili msomaji asiendelee kusoma kwa kungojea msiba, na pia kwa sababu wengi wa wasichana wanaojaribu hupona, wakaendelea na maisha, na kwa wengi wao ile saa ya hatari hupita kama wimbi kubwa lipitavyo, mradi awepo mtu wa kuwashika mpaka lipite. Mambo machache madogo katika simulizi hii nimeyabadilisha ili asijulikane yeye wala wenzake.

Mimi nilizaliwa na kulelewa Mombasa. Nilifika New York mwaka 2006, na kwa miaka kadhaa niliwatunza wazee majumbani mwao, kazi ambayo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumeipitia. Mmoja wa wazee hao alikuwa bibi wa Kidominika aliyekuwa amepita umri wa miaka themanini, na ndiye aliyenifundisha Kihispania, akianza na vyombo vya jikoni, kisha majina ya maradhi, kisha matusi ambayo alinikataza kuyatumia. Siku aliponielekeza kupika wali wa tui la nazi pamoja na kile anachokiita «guandules», nilifungua kopo nikakuta mbaazi, mbaazi zilezile tunazozipika kwa nazi na kuzila kwa mahamri asubuhi, na tangu siku ile sikuweza tena kuwaona watu wa nyumba ile kama wageni. Nilisomea ustawi wa jamii katika chuo cha umma, madarasa ya jioni, na nilipomaliza nikatafuta kazi palepale Bronx, ambako zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Amerika ya Kilatini.

Wiki yangu ya kwanza nilipewa takwimu nisome. Kila baada ya miaka miwili, taasisi ya kitaifa ya kudhibiti magonjwa nchini Marekani, CDC, huwauliza wanafunzi wa sekondari maswali kuhusu afya na mienendo yao. Katika matokeo ya mwaka 2013, asilimia 15.6 ya wasichana wa Kilatino walisema kwamba walikuwa wamejaribu kujiua angalau mara moja katika miezi 12 iliyotangulia. Kwa wasichana weusi ilikuwa asilimia 10.7, na kwa wazungu asilimia 8.5. Maana yake ni karibu msichana mmoja kati ya kila sita, na katika darasa la wasichana thelathini hao ni wanne au watano, wenye majina, na viti vyao, na vikombe vyao vya kahawa baridi. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kiwango cha wasichana wa Kilatino kimeshuka hadi asilimia 10.5, lakini cha wasichana weusi kilikuwa kimepanda hadi 12.5, nami nina binti, kwa hiyo sikuweza kuipokea habari ile kama nafuu.

Sikuwa wa kwanza kuyaona mambo haya. Mwaka 2008 shirika la Comunilife, lililoanzishwa New York na Dkt. Rosa Gil, lilifungua Bronx programu ya Life is Precious kwa ajili ya wasichana wa Kilatino waliokwisha kujaribu kujiua au waliokuwa na mawazo hayo. Nilipoanza kazi, kila mtu katika fani yetu aliitazama programu ile kama mfano, na sisi tuliokuwa katika kituo kidogo kisichokuwa na jina tulijitahidi kujifunza kutokana nayo. Jambo lililonivutia ni wepesi wa wazo lenyewe. Matibabu ya akili hubaki kliniki kwa wenye leseni ya kuyatoa, lakini msichana anahitaji pia pahali pa kwenda baada ya shule, ambapo atasaidiwa masomo, atachora, atakula chakula cha maana, na mama yake ataweza kuingia bila kuulizwa karatasi. Kliniki humpata kwa dakika arobaini na tano kwa wiki, na muda uliobaki wote yuko nyumbani, shuleni, barabarani na kwenye simu yake. Kinga inayosubiri hizo dakika arobaini na tano itamkosa mara nyingi.

Narudi hospitalini, kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi hii. Siku ya nne baada ya binti kulazwa, tulikaa tena watatu, safari hii pamoja na daktari na mkalimani mwanamke aliyekuwa na sauti ya taratibu. Daktari aliuliza maswali yaleyale niliyoyauliza mimi. Mkalimani alifasiri kila neno jinsi lilivyotoka, bila kulipunguza wala kulipamba, na mama akasikia kwa mara ya kwanza yale niliyokuwa nimeyasikia mimi siku kumi na tatu kabla yake. Hakupiga kelele. Alimwuliza bintiye kwa nini hakumwambia, na binti akajibu kwamba barua zote alimsomea yeye, barua ya mwenye nyumba, ya umeme, ya shule ya mdogo wake, ya kliniki iliyosema kwamba mama ana sukari, na kwamba hii moja hakutaka mama yake aisikie kwa mdomo wake.

Nimeyafikiria maneno hayo kwa zaidi ya miaka kumi. Mtoto wa mhamiaji huwa mkalimani wa familia akiwa na miaka saba au minane, na wazazi humsifu kwa hilo, na sifa hiyo ni ya haki, kwa maana mtoto huyo huifanyia familia kazi ya kweli. Lakini kazi hiyo humfundisha pia kuchuja. Anajifunza ni habari ipi imfikie mama na ipi impite, anajifunza kuisoma sura ya mama kabla ya kuchagua neno, na ikifika siku ambayo habari mbaya ni yeye mwenyewe, ustadi wote alioupata humwelekeza kwenye kuificha. Mwaka 2016 kanuni za serikali ya Marekani kuhusu huduma za afya zilikataza kuwategemea watoto kama wakalimani isipokuwa katika dharura. Katika kituo chetu tulikuwa tumeshajiwekea sheria hiyo tangu wiki aliyolazwa binti yule. Mkalimani asipofika, tunatumia mkalimani wa kwenye simu, na simu isipopatikana, mazungumzo yanaahirishwa kwa saa chache huku msichana akibaki nasi, hapohapo, na mtu mzima kando yake.

Profesa Luis Zayas, ambaye alifanya utafiti wake New York na kuwahoji wasichana wa Kilatino waliojaribu kujiua pamoja na wazazi wao, aliandika kwamba mara nyingi jaribio hufuata ugomvi wa nyumbani, na kwamba pale mama na binti wanapoelewana na kuzungumza, hatari hupungua. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Ugomvi wenyewe ukiusikia kwa nje unaonekana mdogo: simu iliyochukuliwa, rafiki wa kiume aliyegunduliwa, kulala kwa rafiki, mdogo wake aliyechelewa kuchukuliwa shuleni. Mama amemlea bintiye kwa desturi ya Santiago ya Jamhuri ya Dominika au ya Puebla ya Meksiko, ambako msichana mwema ni yule anayeiweka familia mbele ya nafsi yake, na binti anaishi katika mji ambao rafiki zake wote wanaambiwa kila siku wajichagulie njia. Akimtii mama anahisi kwamba anajifuta, na akijifuata mwenyewe anahisi kwamba ameisaliti nyumba iliyojitolea kila kitu kwa ajili yake. Wengi waliniambia kwa namna moja au nyingine kwamba hawakutaka kufa hasa, walitaka maumivu yakome, na usiku ule hawakuona njia nyingine ya kuyakomesha.

Niseme jambo ambalo limenigombanisha na wenzangu zaidi ya mara moja. Baadhi ya watu wa fani yetu husoma maelezo kama hayo wakahitimisha kwamba utamaduni wa familia hizi ndio ugonjwa, na kwamba dawa yake ni kumfundisha binti kujitenga na mama. Sikubaliani nao. Nimelelewa katika nyumba ambamo mtoto wa kike hatoki baada ya magharibi bila sababu, ambamo aibu ya mmoja ni ya wote, na najua jinsi nyumba ya namna hiyo inavyoweza kumbana mtu. Najua vilevile kwamba ndiyo iliyonibeba nilipokuwa sina kitu. Familia ileile inayombana msichana ndiyo inayoamka saa tisa za usiku kumkalia asiwe peke yake, na ukiivunja kwa nia ya kumkomboa, umemwondolea ulinzi ambao kituo chochote cha jamii hakiwezi kuutoa.

Kujifunza kuuliza kulinichukua muda mrefu. Nyumbani, mtu akifa kwa kujiua, msiba ulifanywa kwa haraka na maneno yakafupishwa, na sisi watoto tulifahamu kwamba kulitaja jambo lile ni kuliita. Kwa muda mrefu sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Nilikuwa nimeyabeba yote hayo hadi Bronx bila kujua, na ndiyo sababu mojawapo ya kunyamaza kwangu alasiri ile. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na kwamba wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Hata hivyo, kujua jambo kwa kulisoma ni tofauti na kulitamka mbele ya mtoto wa miaka kumi na minne anayekutazama. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Niliyatafuta maneno ya Kihispania yasiyozunguka, kwa sababu ukimwuliza binti kama anafikiria «kujiumiza» anaweza kukujibu hapana kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa yeye hafikirii kujiumiza, anafikiria kufa. Swali ni «¿Has pensado en matarte?», umefikiria kujiua, kisha unanyamaza na kumpa nafasi, bila kushika kalamu.

Akijibu ndiyo, kazi inayofuata ni mpango wa usalama, karatasi ambayo muundo wake ulitungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown na ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Msichana mwenyewe anaandika dalili zinazomwonya kwamba hali inakaribia, mambo anayoweza kuyafanya akiwa peke yake ili wimbi lipite, watu na pahali pa kumtoa katika mawazo, watu anaoweza kuwaambia ukweli, wataalamu na namba za dharura, na mwisho jinsi nyumba itakavyofanywa salama. Kwenye karatasi hizo nimesoma mambo ambayo hakuna mtaalamu angeyabuni: kusuka nywele za mdogo wangu, kukaa kwenye ngazi za kanisa, kusikiliza ujumbe wa sauti wa nyanya yangu aliyeko Baní, Jamhuri ya Dominika. Tunauandika kwa lugha anayoichagua yeye, na wengi huuandika kwa kuchanganya Kiingereza na Kihispania, jinsi wanavyozungumza.

Sehemu ya mwisho ya karatasi haiwezekani bila mama. Nilimweleza mama wa binti yule, kupitia mkalimani, kwamba kwa wengi saa ya hatari ni fupi, na kwamba kitu chochote kinachoweka umbali kati ya mtoto na njia ya kujidhuru, hata umbali wa kufuli moja, huokoa maisha. Siku iliyofuata, kabla ya kulala usingizi wake wa mchana, alikwenda Fordham Road akanunua kasha la chuma lenye kufuli, akaweka humo dawa zote za nyumba, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira wa Altagracia. Kisha akaniuliza swali ambalo fomu yetu haikuwa na nafasi yake: nitafanya nini usiku, nikiwa kazini? Tulilifikiria swali hilo wiki nzima. Jibu lilikuwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Honduras ambaye mama alikuwa akimwita «comadre», mlezi mwenza. Alikubali kuja kulala kwenye kochi usiku tano kwa wiki kwa miezi miwili, na malipo aliyotaka ni kwamba mama amchukulie watoto wake Jumamosi. Sijawahi kuona afua ya kitaalamu iliyonishawishi zaidi ya kochi lile.

Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ndizo zenye hatari kubwa, na ndizo ambazo mifumo mingi humwachia mgonjwa namba ya simu na tarehe ya mbali ya miadi. Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwahi kuwaandikia barua fupi wagonjwa waliokataa kuendelea na matibabu baada ya kulazwa, barua zisizodai chochote, za kuwajulisha tu kwamba wanakumbukwa. Katika miaka miwili ya kwanza waliopokea barua hizo walikufa kwa kujiua kwa kiwango kidogo kuliko wasioandikiwa. Tuliposoma habari hiyo tuliamua kufanya hivyo. Tulinunua kadi, wasichana wa darasa la kuchora wakazipamba, nasi tukaandika kwa mkono, mstari mmoja au miwili, kila wiki mwanzoni, kisha kila mwezi. Gharama yake ilikuwa stempu.

Alhamisi tuliwapa kina mama jiko. Mwanzoni tulitangaza «mafunzo kwa wazazi» na wakaja watatu. Tulipotangaza kupika walikuja kumi na saba. Waliposhika visu na vitunguu, na macho yao yakiwa kwenye chungu badala ya kwenye uso wa mtu, walianza kusema. Mmoja alieleza kwamba aliogopa kuita gari la wagonjwa bintiye alipozidiwa kwa sababu hakuwa na kibali cha kuishi Marekani na alidhani kwamba hospitali itawaita maofisa wa uhamiaji. Mwingine aliogopa kunyang'anywa mtoto. Hofu hizo hazikuwa zimeandikwa kwenye fomu yoyote, na zilikuwa zikiua muda ambao ni wa thamani kuliko dawa. Tulimwalika wakili wa msaada wa kisheria, akaja Alhamisi nne mfululizo na kupika pamoja nao. Nami niliwapikia mbaazi za nazi za kwetu, wakabishana kwa nusu saa kama zinahitaji oregano.

Kutoka jikoni tulikwenda saluni. Saluni za Kidominika za Bronx hujaa wanawake kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, na msichana anayekwenda kunyoshwa nywele hukaa chini ya mikono ya mwanamke mmoja kwa saa mbili au tatu. Mwanamke huyo huona alama kwenye mkono, husikia kwamba msichana amegawa vitu vyake anavyovipenda, hujua nani ameacha kucheka. Tuliwafundisha wanne, jioni mbili, mambo matatu: kuuliza waziwazi, kutomwacha peke yake, na kutupigia simu. Mmoja alitupigia mara sita katika mwaka wa kwanza. Mara moja alikosea, na wasichana watano waliobaki walikuwa hatarini kweli. Tulifika pia makanisani, ambako kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya wachungaji walianza na dhambi kabla ya kumfikia mtoto, ingawa kasisi mmoja mzee alisema katika misa ya Jumapili kwamba dada yake alikufa kwa kujiua na kwamba anamwombea kila siku, na wiki hiyo familia tatu zilikuja.

Shule za New York zilipofungwa Machi 16, 2020 kwa sababu ya korona, tulipoteza kila kitu kilichokuwa kikifanya kazi: meza, jiko, saluni, mlango ulio wazi. Wasichana walifungiwa ndani ya vyumba viwili pamoja na watu sita. Mmoja alikuwa akinipigia akiwa bafuni huku amefungulia maji ili asisikike, na tulikubaliana kwamba akiuliza kuhusu kazi ya hesabu nitajua kwamba kuna mtu anasikiliza. Na ule mzigo wa ukalimani uliongezeka kwa namna ambayo sikuwa nimeiwazia, kwa sababu hospitali zilizokataza wageni zilipiga simu nyumbani, na aliyepokea na kufasiri alikuwa mtoto. Wasichana wawili wa kituo chetu walipokea wao wenyewe habari ya kifo cha nyanya yao na kuigeuza kwa Kihispania mbele ya mama zao. CDC ilitangaza baadaye kwamba kati ya Februari 21 na Machi 20, 2021, wasichana wa miaka 12 hadi 17 waliofikishwa idara za dharura kwa kushukiwa kujaribu kujiua walizidi wale wa kipindi hichohicho cha 2019 kwa asilimia 50.6, wakati kwa wavulana ongezeko lilikuwa asilimia 3.7.

Tangu Julai 2022 kuna namba moja Marekani nzima, 988, ambayo mtu akiipiga na kubonyeza 2 hujibiwa kwa Kihispania. Wasichana wetu wameiandika kwenye mipango yao ya usalama, na mama mmoja ameibandika kwenye jokofu. Msomaji aliyeko kwingine, akiwa na mawazo haya yeye au mtoto wake, asingoje kupata maneno mazuri: amwambie mtu mmoja leo, aende hospitali iliyo karibu, na asikae peke yake.

Mwaka 2023, mwezi wa tatu, aliingia mama kutoka jimbo la Guerrero, Meksiko, pamoja na bintiye wa miaka 13. Niliwasalimu kwa Kihispania, nikampigia mkalimani wa simu kwa sababu bado siamini Kihispania changu katika mambo haya, nikaweka simu katikati ya meza. Binti alikuwa ameshaanza. Sentensi yangu ya kwanza haijaisha alikuwa amemgeukia mama yake na kuanza kufasiri, mwili mzima umeinama mbele, kama mtu aliyezoea kudaka vitu visianguke. Nilimwambia kwamba hapa kuna mtu wa kuifanya kazi hiyo, na kwamba yeye leo ajibu tu, kwa lugha anayoitaka. Alinitazama, akaitazama simu, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa kiti. Niliuliza swali. Sauti ya mkalimani ililirudia kwa mama, kila neno. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha hakunijibu mimi. Alimgeukia bintiye na kumwuliza yeye mwenyewe, na binti akaanza kujibu.